Fundi Truphena na Rada ya Nyar Sakwa

Siku hizi watu wa Kariobangi wakimtaja Truphena Adongo huteremsha sauti, na jambo hilo linanikera. Waliomjua vizuri hawajazi benchi moja. Waliobaki waliisikia habari yake kwenye foleni ya chapati, wakaitia chumvi, na sasa kila mmoja ana maoni. Basi nitaisimulia mimi, Nthambi, ambaye hapa huitwa Mama Wanza, ninayesuka upya nyaya za mota zilizoungua kwenye kibanda kilichopakana na chake, ukuta wetu ukiwa ni mabati yenye matundu. Kama kuna mtu ana haki ya kumkasirikia Truphena ni mimi, na nimemkasirikia vya kutosha. Wengine wafunge midomo yao.

Truphena alikuwa fundi wa rada za meli. Ndiyo, hapo hapo Kariobangi, mtaa ambao hata maji ya mfereji huja kwa kubahatisha. Tulimtania mpaka tukachoka. Mvua ikinyesha na mtaro ukifurika, mtu hakosi kupiga kelele, "Mama Clare, toka nje, meli yako imefika!" Naye hutoka kweli na bisibisi mkononi, anatazama kushoto na kulia, halafu anasema nahodha ni mlevi, amepitiliza mpaka Dandora.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, enzi ambazo reli ndiyo iliyoendesha meli za ziwani, na akawekwa gati la Kisumu. Binti akakulia kwenye karakana ya gati, akishika taa huku wanaume wakifungua mashine, mpaka siku moja akaanza kuzifungua yeye. Alipoolewa Nairobi alikuja na ujuzi wake. Mume alifariki mapema, ujuzi ukabaki. Mashine za mitumba zinazotolewa kwenye meli zilizochakaa huko ng'ambo hupitia Nairobi kwanza, vipuri viko hapa, kwa hiyo wenye meli za mizigo walimtumia rada zao kwa basi, zimeviringishwa kwa blanketi. Zikipona alizirudisha kwa basi hilo hilo.

Rada ni kitu rahisi ukielezwa na Truphena. Ule mkono unaozunguka juu ya meli hurusha mawimbi ambayo huyaoni, yakigonga kitu yanarudi, na kitu hicho kinatokea kwenye kioo kama doa. Shida ni kwamba yanarudi kutoka kwa kila kitu. Yanarudi kutoka kwa mvua, kwa maji yakichafuka, na kwa ziwa letu yanarudi kutoka kwa gugu-maji, yale majani yanayoelea kwa ekari na ekari. Kioo kinajaa madoadoa. Kipo kitufe cha kuzungusha cha kupunguza huo uchafu. Ukikizungusha kidogo kinakusaidia. Ukikizungusha mpaka mwisho kioo kinabaki cheusi na safi, nchi kavu inaonekana, meli kubwa zinaonekana, lakini vitu vidogo vimefutwa pamoja na uchafu.

Sasa niwaambie kuhusu wateja, kwa maana hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mteja wa jua kali, wa mafundi wa vibandani kama sisi, haangalii kazi, anaangalia sura ya kazi. Mota niliyoisuka vizuri lakini sikuipaka rangi ataniambia ni mbaya. Na wenye meli nao ni hivyo hivyo. Truphena alikuwa anawarudishia rada inayoona kila kitu, na wiki haipiti kabla haijarudi kwenye blanketi lake. "Fundi, imeharibika tena, kioo kimejaa matope." Anawapigia simu, anawaeleza kwa upole kwamba hayo matope ndiyo ziwa lenyewe, kwamba wajifunze kuzungusha kitufe kulingana na hali ya maji. Wanamjibu kwamba kuna fundi mwingine Kisumu ambaye kwake kioo hutoka kama televisheni mpya. Niliyasikia mazungumzo hayo kupitia mabati mara nyingi mno, na kila mara nilitamani kuchukua hiyo simu niwatusi.

Mwishowe alifanya tunachofanya sote kwenye ile safu ya vibanda. Fundi wa redio akishaweka kitufe mahali panapomfaa, hutia tone la gundi ili mteja asichezee. Fundi wa cherehani huipaka skrubu rangi, na mimi mwenyewe hutia laki, ile vanishi ya kugandisha nyaya, pale nisipotaka mkono wa mtu ufike. Truphena akakizungusha kitufe cha rada ya Nyar Sakwa, meli ya mizigo ya Kisumu, mpaka kioo kikawa safi kabisa, akatia tone la gundi kwenye shina la kitufe. Meli ya kubeba saruji na soda inahitaji kuona nini zaidi ya nchi kavu na meli nyingine? Ilirudi ziwani na haikurudi tena Kariobangi. Nahodha wake, Opiyo, alipiga simu kumsifu.

Mdogo wake wa mwisho aliitwa Sylvance. Ukitaka kumwona Truphena analainika ungemtaja huyo tu. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado shule ya msingi, na Truphena ndiye aliyemlea nyumbani kwake Dandora, pamoja na binti yake Clare, mpaka akawa mtu mzima mwenye masharubu na kazi ya ukarani katika shirika linalopeleka dawa visiwani. Alikuwa kijana wa kuongea sana. Akija kibandani alikuwa anatusimulia habari za visiwani huku amekalia mota ambayo nimetoka kuipaka laki, na nikimfokea ananiita shemeji, eti ameshaniposea kaka yake ambaye hayupo.

Jumanne moja ya mvua alipanda ndege ndogo ya kukodi pale Kisumu, yeye na rubani na maboksi ya dawa, kwenda kisiwani. Ndege haikufika. Haikurudi pia.

Shirika likampigia Truphena kwa kuwa ndiye aliyeandikwa kama jamaa wa karibu. "Tulieni nyumbani, tutawapigia." Hayo ndiyo maneno waliyojua. Akiuliza wametafuta wapi, tulieni. Akiuliza kama anaweza kwenda huko, tulieni, ofisi ya kuzungumza na familia iko Nairobi. Binamu zake wawili waliokwenda ufuoni walizuiwa langoni na askari. Mtu unaambiwa utulie wakati mtoto uliyemlea yuko majini, na anayekuambia anakunywa chai, unasikia kijiko kikigonga kikombe.

Mawingu yalikuwa chini, helikopta haikuweza kuruka. Kwa hiyo mkuu wa operesheni ya kuwatafuta akaomba meli za watu binafsi zisaidie, hasa zenye rada, kwa sababu katika ukungu ule macho hayakufika mbali. Waligawanya ziwa kwa miraba kwenye ramani. Meli ikishapita mraba na rada isione kitu, mraba unafutwa na watu wanahamia mwingine. Nyar Sakwa ilikuwa mojawapo ya meli hizo. Truphena aliposikia jina hilo alishika mkono wangu kwa nguvu, akasema angalau kuna moja anayoijua.

Ijumaa alikuwa kibandani. Watu walisema ni moyo mgumu, eti nyumba imejaa waombolezaji naye yuko kazini. Mimi najua hakuwa anafanya kazi yoyote. Alikuwa amekimbia zile nyimbo za maombolezo za mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Alikuwa ameketi tu, ameshika simu, na simu ikalia mlio wa ujumbe. Opiyo alikuwa amemtumia picha ya kioo cha rada, pengine kumliwaza, na maneno haya: "Fundi, pole sana. Jana tulipita huu mraba wote. Mashine yako iko sawa kabisa, kioo safi. Hakuna kitu hapa. Mungu akutie nguvu."

Aliitazama muda mrefu. Halafu akaja upande wangu, akaniwekea simu mbele ya uso.

"Mama Wanza, niambie unaona nini kwa hilo dirisha."

Picha ilikuwa imepigwa kwenye chumba cha nahodha. Kioo cha rada kilikuwa mbele, na nyuma yake kulikuwa na dirisha.

"Majani," nikasema. "Kijani kila mahali. Ni ile gugu-maji?"

"Na kwa kioo?"

"Hakuna kitu. Ni kweusi tu."

"Majani yote hayo, na kioo hakina hata doa moja."

Sikuelewa mara moja. Yeye alirudi kibandani kwake, nikamwona kupitia mabati amesimama mbele ya rafu, na mkono wake umeigusa chupa ya gundi, ile ndogo. Hapo nikaelewa. Nyar Sakwa ilikuwa imepita kwenye majani yale ikiwa kipofu. Mraba ule ulikuwa umefutwa kwenye ramani na hakuna mtu ambaye angerudi huko tena.

Nilimwambia ampigie nahodha peke yake, amwombe arudi kimya kimya. Sikuona sababu ya kuwapa wale wa "tulieni nyumbani" kitu cha kumshika nacho. Alipiga, akaweka spika ili nami nisikie, akamweleza Opiyo kila kitu.

Opiyo akajibu, "Fundi, lakini si ni sisi tulikuambia usafishe? Ni sisi tulisumbua."

"Ninyi si mafundi, Opiyo. Utarudi?"

"Siwezi. Walishaniambia nirudi gati, hiyo sehemu imefungwa. Mafuta ni yao na kuna askari wao hapa ndani. Mkuu pekee ndiye anaweza kusema nirudi, na lazima aambiwe sababu."

Tulipofika Dandora jioni hiyo nyumba ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Akina mama wa kanisa, majirani, jamaa waliotoka mtaa wa Pipeline na waliotoka mashambani. Kwenye kiti kikubwa alikuwa Mzee Owuor, ndugu ya marehemu baba yao, na alikuwa anazungumza habari za yago. Kwa Waluo, mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, hukatwa tunda la mti wa yago, lile refu na nene ambalo sisi Wakamba tunalitia kwenye pombe, likavikwa sanda na kuzikwa mahali pa mwili. Ni desturi yao na siidharau. Nilichokasirikia ni ile haraka. Mzee alikuwa ameshapanga gari la kwenda nyumbani na siku ya mazishi, na tunda lilikuwa limeshaagizwa kutoka Alego. Mtoto hana hata wiki tangu apotee, na watu wanajadili nani atapika.

"Nyathina, mtoto wangu, keti," Mzee Owuor akamwambia Truphena. "Tunataka tukubaliane kama familia."

"Hatukubaliani chochote leo, Baba. Mraba mmoja haujatafutwa."

"Mraba gani tena? Serikali imesema imetafuta kote."

Truphena hakuketi. Alisimama katikati ya chumba, akampigia mkuu wa operesheni, nambari aliyokuwa amenyimwa kwa siku tatu na ambayo Opiyo alimpa. Nilimfinya kiunoni, nikamnong'oneza atoke nje aongee peke yake. Aliutoa mkono wangu, akaweka spika, sijui kwa nini. Labda alijua kwamba akitoka nje hatayasema.

"Bwana mkuu, mimi ni dada ya Sylvance aliyekuwa kwenye ndege. Ule mraba wa Nyar Sakwa wa jana hamjautafuta. Rada ilikuwa haioni."

"Mama, pole kwa hasara. Rada ilikuwa inafanya kazi, nina ripoti hapa."

"Ilikuwa haioni vitu vidogo. Mimi ndiye fundi wake. Kuna kitufe nilikifunga na gundi ili kioo kikae safi. Nilifunga mwenyewe kwa mikono yangu."

Mama aliyekuwa akimenya viazi aliacha.

"Kwa hiyo unasema operesheni yetu imetumia kifaa kibovu?" Mkuu akauliza. Niamini ninapokuambia hivyo ndivyo alivyouliza. Hakuuliza mraba uko wapi wala kama watu wanaweza kuwa hai. Kilichomkereketa ni ripoti yake.

"Andika ni mimi," Truphena akasema. "Andika Truphena Adongo, Kariobangi. Niko tayari kushtakiwa. Lakini irudishe hiyo meli."

Alisema atashauriana. Hapo ndipo nilipompokonya simu, Mungu anisamehe, nikamwambia mimi ni ripota wa redio na tuko hewani moja kwa moja, na taifa zima linasubiri kujua kama atairudisha meli au hatairudisha. Akakohoa. Akasema itarudi kesho asubuhi, ukungu ukipanda.

Nilidhani mtu atamshika Truphena bega. Hakuna. Shangazi mmoja alianza kulia kwa sauti na kusema kwa Kijaluo maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mzee Owuor akainuka, akaenda kukaa kwenye ngazi. Waliokuja kumfariji walimpitia pembeni kama wanaokwepa dimbwi. Wale wale ambao redio zao na pasi zao na majiko yao yote yametiwa gundi na fundi fulani ambaye wao walimwambia, fanya tu ionekane vizuri. Nilisema hivyo kwa sauti. Sikuitwa tena kula pale.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kibandani, sisi wawili, mlango umefungwa nusu. Opiyo alipiga akiwa ziwani.

"Fundi, niko ndani ya hayo majani. Nifanye nini?"

"Chukua koleo. Ile gundi iko chini ya kitufe, kwa shina. Ivunje."

Tulisikia kitu kikikwaruza, Opiyo akitukana, halafu kikavunjika.

"Imetoka. Imetoka na kitufe pia."

"Haina neno. Shika shina na koleo, rudisha kushoto mpaka mwisho."

"Uwi! Fundi, kioo kimejaa! Ni takataka tupu, sioni kitu!"

"Usiiondoe!" Truphena alipiga kelele mpaka mafundi wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Kisha akashusha sauti. "Usiiondoe, Opiyo. Majani huwa hafifu na maji huchezacheza. Angalia doa moja lisilocheza. Mkono ukizunguka liko, ukizunguka tena liko."

Ilichukua muda. Nilikuwa nimeshika waya wa shaba na nimeukunja bila kujua mpaka hauna kazi tena. Tulisikia injini, tulisikia askari akiuliza kama hawajakaribia kurudi, na Opiyo akimwambia anyamaze.

"Kuna moja," akasema mwishowe. "Ndogo. Haichezi."

"Endesha huko."

Sitaki kueleza ule muda wote. Nitasema tu kwamba mtu mmoja kwenye ile meli alipiga kelele, halafu wengine, na Opiyo akawa analia na kucheka, na akasema, "Fundi, ni bawa! Bawa la ndege limenaswa kwa majani! Kuna mtu anapunga mkono!"

Truphena alipiga magoti pale kwenye vumbi la chuma, akasema jina la mdogo wake mara nyingi. Mimi nilikuwa narukaruka kama mwehu, na nikamkumbatia mtu ambaye sikumjua aliyekuwa anapita. Kisha sauti ya Opiyo ikabadilika.

"Fundi, ni mwanamke anayepunga. Ni rubani. Huyu mwingine amelala. Amefunikwa koti."

Sylvance alikuwa amekufa, na hakuwa amekufa Jumanne. Daktari alisema ni Ijumaa. Ni Ijumaa ile ile ambayo sisi tulikuwa tunaitazama picha.

Alizikwa yeye mwenyewe, mwili wake, na lile tunda la yago walilitupa sijui wapi. Kwa mazishi ya Waluo kila mtu hupewa nafasi ya kuzungumza. Alizungumza mwalimu wake, akazungumza mwakilishi wa shirika, yule wa kijiko na kikombe, akasifu ushirikiano wa operesheni. Akazungumza hata mtu wa viti na hema. Aliyeshika kipaza sauti akaliruka jina la Truphena, aliyemwogesha na kumlisha na kumsomesha marehemu, akaita wimbo. Nilisimama niseme, wakaniketisha. Mzee Owuor alikuwa anatazama viatu vyake.

Rubani aliitwa Kawsar, binti wa Eastleigh, bado mdogo. Alikuwa amelazwa Nairobi, mguu umevunjika mahali pawili. Familia yake ilikuwa imeambiwa tu kwamba kuna fundi wa kike wa Kariobangi aliyemwelekeza nahodha kwa simu, na mama yake alikuwa akimtafuta Truphena kila siku, akimwita malaika, akimbembeleza aje wamshukuru. Truphena hakutaka. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilitaka mtu mmoja katika nchi hii amtazame kwa wema.

Tulikaribishwa vizuri mno. Mama mtu alitubusu mikono na kutoka nje atupe nafasi. Kawsar alikuwa na uso wenye malengelenge ya jua, na alimshika Truphena mkono akakataa kuuachilia.

"Dada, Sylvance alikuwa anakuongelea sana," akasema. "Mimi niliumia mguu, yeye aliumia ndani, lakini hakuniambia. Alinivuta juu ya bawa. Usiku alikuwa ananiimbia ili nisilale nikaanguka. Nikilia ananiambia nitulie, tutapatikana."

Truphena alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Alhamisi tuliona meli. Ilipita karibu, tulisikia hata injini, lakini kulikuwa na ukungu na sauti yangu ilikuwa imekauka. Mimi nilichanganyikiwa, nilitaka kuingia majini niogelee. Sylvance ndiye alinishika. Aliona jina ubavuni mwake, akaijua. Akaniambia, 'Acha kuhangaika, hiyo ni Nyar Sakwa. Hiyo ina rada ya dada yangu. Imeshatuona hiyo.' Alikuwa na uhakika kabisa. Ilipoondoka akasema inaenda kuita wengine. Aliingoja mpaka mwisho."

Nilimtazama Truphena nikimwomba kwa macho. Mtoto huyu hakujua, na hakukuwa na haja ajue. Angetoka pale na shukrani ya mtu mmoja, kitu kimoja cha kubaki nacho.

"Kawsar," akasema, "ile meli haikuwaona kwa sababu yangu."

Akamweleza yote. Alimweleza gundi, wateja, kioo kisafi, bila kujitetea mahali popote. Hata wateja aliwataja kama sehemu ya kazi tu, si kama kisingizio. Kawsar alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake polepole, akauingiza chini ya shuka, akageuza uso ukutani.

Nesi alikuja akasema mgonjwa anahitaji kupumzika.

Huko nje, kwenye maegesho, nilimfokea mpaka mlinzi akatoka kwenye kibanda chake. Nilimwambia ni mpumbavu. Nilimwambia familia yake imemkataa, mtaa umemkataa, serikali imeandika jina lake kwenye ripoti na kusahau makosa yake yenyewe, na sasa amemchukua mtu wa mwisho aliyekuwa na neno jema juu yake akamfukuza kwa mikono miwili. Nilimwuliza alitaka nini. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sikujali nani ananitazama.

Yeye hakuwa analia. Alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani, kwa utaratibu, kama mtu anayekwenda kazini.

"Alikuwa ananishukuru, Mama Wanza," akasema. "Sylvance aliingoja hiyo meli kwa sababu yangu, naye ananishika mkono na kunishukuru. Ningeuacha mkono wangu pale mpaka lini?"

Nilimshika mkono huo mimi, tukatembea hadi barabarani.